Siku tisa kwenye njia ya saa nne: barua kwa mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na picha ya Imani akiwa na sare ya shule mama yako ameshaitia kwenye fremu. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza swali nikaona si la kujibu kwa simu. Umesema wewe na mumeo mnataka kupita njia yetu ya Molise, ule mkoa wa milima kusini mwa Italia, mwishoni mwa mwezi wa tano, mna siku nne tu, na umeangalia ramani ukaona kutoka Venafro hadi Campobasso, hata kwa kuzunguka tulikozunguka, ni saa nne za kuendesha gari. "Baba, nyie mlikaa siku tisa. Mlikuwa mnafanya nini huko?" Nimelifikiria tangu Jumapili.

Kilichonipeleka Molise ni ng'ombe. Sijawahi kukwambia hivyo, kwa sababu mlipotutumia tiketi niliona vibaya kusema kwamba Roma na Venezia zinaweza kusubiri. Lakini nilikuwa nimesoma habari za njia wanazoziita tratturi, nikajua nikikanyaga Italia lazima nizione kwa macho. Ni mapalio, mwanangu. Mapalio ya mifugo kama yetu, ila yao yana upana wa mita 111, ya nyasi tupu, kutoka milima ya Abruzzo, yanaikata Molise, mpaka tambarare za Puglia. Baridi ikikaribia wachungaji waliteremsha kondoo kukimbia theluji, joto likirudi wakawapandisha tena. Palio la Pescasseroli hadi Candela peke yake lina kilomita 211. Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragon alianzisha ofisi ya ushuru kwa ajili ya kondoo hao tu, ikaja kuhamia Foggia, na mpaka ilipofutwa mwaka 1806 makundi yaliyoshuka kulisha yalilipiwa ushuru. Mwaka 2019 UNESCO iliuweka uhamishaji huo wa mifugo kwenye orodha yake ya urithi.

Mimi nimeswaga ng'ombe nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyuma ya babu yako, siku tatu kwa miguu kwenda mnadani. Najua ng'ombe akiharakishwa anafika mifupa mitupu. Nikamwambia mama yako hii njia tutaiendea kwa mwendo wake.

Sasa nikueleze siku zilikoishia.

Ya kwanza yote ilikwenda kwenye kuzoea kuendesha upande wa kulia. Kila njia panda mama yako alikuwa ananikumbusha, "Kulia, baba Neema, kulia," na nilimshukuru kila mara. Venafro tulilala tu. Kuna mizeituni ambayo mafuta yake mshairi Horace aliyasifu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nayo tuliyala na mkate usiku. Isernia tulipita, tukanunua maji na matunda.

Pietrabbondante ilituchukua siku mbili, na ningerudi kesho. Kijiji kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na chini yake kidogo kuna ukumbi wa maonyesho wa mawe waliojenga Wasamniti, watu wa milima hii kabla Roma haijawameza. Safu za mbele zina viti vya jiwe ambavyo mgongo wa kuegemea umechongwa kwa kupinda, ukifuata uti wa mgongo wa mtu. Unajua mgongo wangu. Nilikaa pale karibu saa nzima, mbele yangu bonde lote, na haukuniuma. Mtu aliyechonga kiti kile miaka 2,100 iliyopita alimfikiria mzee atakayekikalia.

Wasamniti hao ndio mwaka 321 kabla ya Kristo waliolizingira jeshi la Roma kwenye bonde jembamba, wakawapitisha askari wake mmoja mmoja chini ya nira ili kuwadhalilisha. Na walipoasi tena pamoja na majirani zao, mwaka 91 kabla ya Kristo, walipiga sarafu zao wenyewe zenye jina Viteliu, yaani Italia. Kwenye baadhi ya sarafu hizo fahali anampiga pembe mbwa mwitu, na mbwa mwitu ndiye Roma. Wapo waandishi wa kale walioeleza kwamba jina hilo la Italia linatokana na ndama. Nilivyomsomea mama yako maneno hayo alicheka kwa furaha, akasema, "Kumbe tumekuja nyumbani."

Halafu Agnone. Hapo ndipo pana kiwanda cha kusubu kengele cha ukoo wa Marinelli. Kengele ya zamani kabisa inayohusishwa na ukoo huo ni ya mwaka 1339, na mwaka 1924 Papa Pius wa 11 aliwaruhusu kutumia nembo ya upapa. Siku tuliyofika hawakumimina shaba, lakini tulimwona fundi akibandika herufi za nta, nikaelewa kazi nzima kwa mara ya kwanza. Wanaanza na kiini cha matofali na udongo chenye umbo la tumbo la kengele. Juu yake wanapaka udongo mwingine mpaka upate unene na sura ya kengele yenyewe, ndiyo kengele ya uongo. Juu ya hiyo wanabandika maua na maandishi ya nta, kisha wanaifunika yote kwa vazi la tatu la udongo. Moto ukiwashwa ndani nta inayeyuka, na alama zake zinabaki kwa ndani ya lile vazi. Wanalinyanyua, wanaivunja kengele ya uongo, wanalirudisha mahali pake. Nafasi iliyobaki wazi kati ya kiini na vazi ndiyo kengele. Kalibu linafukiwa shimoni, na shaba nyeusi, shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, inamiminwa ndani huku mafundi wakisali litania ya Bikira Maria. Yule fundi alikuwa mtu wa makamo, kidole gumba cheusi, akaipuliza herufi moja polepole kuondoa vumbi, akaitazama, akaibandua, akaibandika upya. Sisi tulikuwa hatujaona kasoro yoyote.

Kwa hiyo ukiniuliza tulikuwa tunafanya nini, asubuhi moja nzima tulikuwa tunamwangalia mtu akiandika neno moja.

Jibini lao la caciocavallo mlitafute hapohapo. Wanafunga mawili kwa kamba moja na kuyatundika kwenye mti, moja huku moja kule, kama mizigo juu ya farasi.

Kutoka Agnone kwenda Frosolone tulikuta barabara imefungwa. Milima ile udongo wake unateleza, na mvua zikinyesha sana kipande cha lami kinaondoka. Palikuwa na kizuizi na kibao, *strada chiusa*, hakuna mtu wa kumuuliza, jua limeanza kuzama. Nilifadhaika, sitaficha. Tulirudi nyuma mpaka kijiji ambacho nyumba nyingi zimefungwa madirisha, na mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa mlangoni, akatuonyesha kwa mkono chumba cha kulala. Molise nzima watu wake hawafiki laki tatu. Vijana waliondoka, vizazi na vizazi, Argentina, Kanada, Marekani. Mwaka 2019 serikali ya mkoa ilitangaza kumpa euro 700 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, mtu atakayehamia kijiji chenye watu wasiozidi 2,000 na kufungua biashara. Ukitembea jioni kwenye kijiji kile unaelewa kwa nini.

Yule mama alikuwa anatengeneza cavatelli, tambi zao za mkono. Anasokota unga uwe kamba nyembamba, anakata vipande, kisha kila kipande anakikandamiza kwa ncha za vidole viwili na kukivuta kuelekea kwake, kinajikunja kama kiganja cha mtoto. Mama yako alinawa mikono, akakaa naye. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Walijaza sinia mbili. Baadaye alileta picha kutoka kabatini, wanawe wawili, akasema "Montréal", akaonyesha mmoja, halafu mwingine, "Montréal". Mama yako akatoa simu, akamwonyesha wewe na Imani, akasema "Torino". Wakashikana mikono juu ya meza yenye unga. Mimi nilitoka nje nikaangalie gari.

Frosolone ni mji wa visu na mikasi. Mama yako alinunua mkasi wa fundi cherehani baada ya kujaribu minane kwenye pindo la kitenge chake, na mpaka leo hamwazimi mtu. Kwa miaka mingi familia moja ya pale imekuwa ikiswaga ng'ombe wake kwa miguu kutoka Puglia mwishoni mwa mwezi wa tano, takriban kilomita 180, siku nne. Waulizeni wenyeji mapema. Mkiwakuta njiani, zimeni gari kabisa.

Nilichokifuata kilikuwa mwisho, Sepino. Nje ya mji wa sasa, bondeni, kuna magofu ya mji wa Kirumi, Saepinum, na palio la Pescasseroli hadi Candela linapita katikati yake. Barabara kuu ya mji ndiyo njia ya kondoo. Juu ya ukumbi wake wa maonyesho wakulima wa baadaye walijenga nyumba zao kwa kufuata ule mviringo, na bado zimesimama. Nenda lango linaloitwa Porta Bojano, lenye sanamu za mateka wawili. Ukutani pamechongwa barua ya yapata mwaka 170. Wachungaji wa makundi ya kaisari walikuwa wamelalamika kwamba wakipita hapo askari na wakuu wa mji wanawakamata, wanawaita watumwa watoro, wanawaambia wanyama wao ni wa wizi, na katika vurugu hiyo kondoo wanapotea. Wakubwa kutoka Roma wakawaandikia wakuu wa mji waache mara moja. Barua ikachongwa langoni, kila apitaye aione.

Neema, babu yako aliwekwa ndani usiku mmoja kwa maneno hayohayo. Ng'ombe saba, walisema ni wa wizi, na aliwazalisha mwenyewe zizini. Asubuhi walimwachia na ng'ombe watano. Hakulizungumza tena mpaka anakufa. Nilisimama pale langoni nikiwa na tafsiri kwenye simu, nikaisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti na kwa Kinyaturu, ili aisikie. Kisha nikatoka nje ya ukuta nikalikata palio kwa hatua, upande mmoja hadi mwingine. Hatua 148.

Mkiwa na siku nne, Venafro piteni, Campobasso iacheni. Laleni Agnone usiku mbili na mtoke hapo kwenda Pietrabbondante asubuhi. Frosolone usiku mmoja. Siku ya mwisho yote iwe ya Sepino. Mafuta jazeni kila mnapokuta kituo, na chakula nunueni kabla ya saa saba, kwa sababu huko juu wakifunga mchana wamefunga kweli. Chukueni gari dogo. Imani mvalisheni viatu vya kutembea, nyasi za palio zina miiba.

Nikumbushe tarehe zenu. Ile ramani ya karatasi niliyochorea ninayo, pamoja na alama ya nyumba ya yule mama. Mama yako ana kitenge cha kumpelekea.

Baba yako