Maswali ya Wasomaji: Redio ya Valvu, Adimu au Imeungwa kwa Vipande vya Redio Nyingine?

SWALI: Mhariri, nimenunua Gikomba redio ya Philips ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista). Karatasi ya nyuma imechanika, kwenye namba ya modeli nasoma B3X mwanzoni na U mwishoni tu. Muuzaji alisema ni toleo adimu lililotengenezewa nchi za joto. Nitajuaje? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usiliamini sanduku. Redio hizi zimepitia kwa mafundi wengi, na sanduku, kioo cha stesheni na kibao cha nyuma huhamishwa kutoka redio moja hadi nyingine. Ukweli uko kwenye chasisi (fremu ya chuma iliyobeba vipuri) na valvu.

Chomoa plagi kwanza, usubiri, kisha pima kapasita kubwa (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme) kwa multimita kabla ya kuingiza mkono, maana inaweza kubaki na volti zaidi ya 200.

Herufi ya mwisho inataja umeme inaotumia: A ni stima ya AC pekee, U ni AC au DC, B ni betri kavu, na V ni betri ya gari kupitia vaibreta, kifaa kinachokatakata umeme wa betri ili volti zipandishwe. Sasa soma valvu zenyewe. Zinazoanza na E hupashwa moto kwa volti 6.3, zinazoanza na U huungwa kwa mfuatano na kupitisha miliampea 100, zinazoanza na D ni za betri, volti 1.4. Redio yako ikiwa U halisi, utakuta UCH81, UL84, UY85 na wenzake, bila transfoma kubwa ya stima. Ukikuta transfoma na ECH81, basi karatasi hiyo imetoka kwenye redio nyingine.

Kuna kosa linalowapotosha wengi hapa. UCH81 na ECH81 zina miguu ileile na kazi ileile, kwa hiyo fundi akikosa moja huchomeka nyingine. Lakini ECH81 inataka miliampea 300. Kwenye mfuatano wa 100 haipati joto la kutosha, na redio inanyamaza hata kama vingine vyote ni vizima.

Kuhusu nchi za joto, tazama kioo. Redio za soko la Ulaya kwa kawaida zina mawimbi marefu, ambayo huku hayakuwa na kazi. Za kuuzwa nje mara nyingi huyaacha na kuongeza mawimbi mafupi, pamoja na bendi za mita 60 na 90. Kisha zungusha swichi ya bendi na uhesabu mahali inaposimama. Kioo kikiandika bendi nne na swichi ikasimama mahali patatu tu, inaelekea kioo kimebadilishwa. Angalia pia matundu ya chasisi: la kiwandani lina kingo laini, la keekee ya fundi lina makali na chuma kisichopakwa kitu.

Na tafadhali, chasisi ya U imeungwa moja kwa moja na stima. Plagi ikigeuzwa, chasisi nzima inaweza kuwa na volti 240. Usiijaribu bila transfoma ya kutenganisha (inayozuia redio isiguse stima moja kwa moja), na usiiache na skrubu za vitufe vya kuzungusha zikiwa wazi mahali penye watoto.

SWALI: Mzee wetu ameacha redio ya duara ya aluminiamu, ya bluu, kama sufuria. Je, ina thamani? – Msomaji, Kibera

JIBU: Inaelekea ni Saucepan Special ya Ever Ready, iliyobuniwa mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Umbo hilo lilitokana na sufuria kweli. Iliuzwa pauni 5, betri ikilipiwa kando. Thibitisha kuwa ndani kuna valvu nne ndogo za betri. Usiipake rangi upya: rangi ya asili, hata ikiwa imebanduka, ndiyo wanayoitafuta wakusanyaji.

Usiiunge na chaja wala betri yoyote uliyo nayo. Valvu zikiwa DK91, DF91 na DAF91, pima kati ya mguu wa 1 na wa 7 kwa multimita ya dijitali: ikionyesha njia imekatika, valvu imekufa. Waya wa volti 90 ukigusa ule wa volti 1.4 hata mara moja, nyuzi za kupasha moto za valvu zote nne zinaweza kukatika pamoja, kwa hiyo tafuta waya hizo mbili na uzibandike alama kabla ya jambo lingine lolote.