Gurudumu la mbele linalotikisika: pima kabla ya kukaza nati

SWALI: Bwana Fundi, ninajenga ndege ya viti viwili ya aluminiamu hapa Lubumbashi, kwa kufuata michoro niliyoinunua. Gurudumu la mbele halikuunganishwa na pedali. Linajigeuza lenyewe, nami huongoza ndege ardhini kwa breki. Uma unaolishika gurudumu, na bushi zake, yaani pete ambamo mhimili wake hugeuka, vilichongwa na fundi wa hapa mjini. Katika majaribio ya kuikimbiza ardhini, kila ninapofika kama kilomita 35 kwa saa, hasa nikigusa breki, pua yote hutikisika hadi siwezi kusoma vipimo. Nilibadilisha tairi, hali ikatulia kwa muda, kisha mtikisiko ukarudi. Rafiki mmoja ananiambia niikaze sana nati ya uma. Mwingine ananishauri nitafute kizuia-mtikisiko cha mafuta kutoka katika Cessna ya zamani. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu, kwa sasa usifuate ushauri wa yeyote kati yao. Usiikaze nati kabla ya kupima, wala usiikimbize tena ndege kufikia mwendo huo mpaka chanzo kijulikane. Mtikisiko wa namna hiyo huupiga mguu wa mbele na fremu inayoshika injini mara nyingi kwa kila sekunde, na chuma kilichopigwa hivyo hakirudi kuwa kipya kwa sababu tu tairi jipya limeleta utulivu.

Katika maelezo yako, kinachonisaidia zaidi ni kwamba tairi jipya lilituliza mambo kwa muda tu. Kama tairi la kwanza lingekuwa ndilo kosa lote, jipya lingelimaliza. Kwa hiyo ninaamini kwamba tairi lilikuwa kichocheo, na kwamba udhaifu wenyewe uko juu zaidi, katika msuguano wa uma, katika bushi, au katika beringi.

Gurudumu linalojigeuza hufuata njia kwa sababu mahali ambapo tairi linagusa ardhi pako nyuma ya mahali ambapo mhimili wa uma ungegusa ardhi kama ungerefushwa. Umbali huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati kila linapopotoka. Lakini tairi ni mpira wenye hewa: gurudumu linapogeuka kidogo, ubavu wa tairi hupinda, na ile sehemu inayogusa ardhi huchelewa kuifuata rimu. Kwa sababu ya kuchelewa huko, nguvu iliyopaswa kulirudisha gurudumu huwa bado inalisukuma wakati limekwisha kupita katikati, nalo hutupwa upande wa pili, kisha huku tena, kama unavyoona kigurudumu cha kitoroli cha hospitali kikipepesuka mhudumu anapoharakisha. Nishati ya kuuendeleza mchezo huo hutoka katika mwendo wa ndege yenyewe, na ndiyo maana mtikisiko hauishi wenyewe maadamu mwendo upo. Mfaransa Georges Broulhiet aliueleza upindaji huo wa tairi mwaka 1925 alipokuwa akichunguza magari, na mwaka 1941 Wajerumani von Schlippe na Dietrich wakauwekea hesabu kwa ajili ya magurudumu ya ndege. Kinachouzima ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: mguu na uma visivyo na ulegevu, na msuguano unaoila nishati hiyo upesi kuliko mwendo unavyoileta. Breki uliyoitaja inaingia hapo, kwa maana ukifunga breki uzito wa ndege huegemea mbele, na tairi la mbele hukandamizwa zaidi.

Kabla ya kugusa spana, hakikisha kwamba unapambana na mtikisiko huo na si kitu kingine. Tairi lisilo na mizani au lisilo duara kamili nalo hutetemesha pua, lakini mtetemo wake hufuata mzunguko wa gurudumu: tairi la ukubwa wa 5.00-5, lenye kipenyo cha karibu sentimita 36, huzunguka takriban mara 9 kwa sekunde kwenye kilomita 36 kwa saa, na takriban mara 18 mwendo ukiwa maradufu, na mtetemo huongezeka vivyo hivyo. Mtikisiko wa uma una mpigo wake wenyewe, unaotegemea zaidi ugumu wa mguu na tairi. Hulipuka ghafla mwendo unapofika mahali fulani, na mara nyingi hukoma ghafla vilevile. Kuna pia mtikisiko wa miguu mikuu ya nyuma, ambayo katika ndege nyingi za kujijengea ni fimbo za chuma cha springi zinazoweza kucheza mbele na nyuma, na aliyeketi ndani hudhani ni pua. Funga kamera ndogo kwenye mguu, ielekee gurudumu la mbele, urekodi katika mwendo wa chini ambapo dalili zinaanza tu, kisha uitazame picha polepole. Ukiona uma ukigeuka kushoto na kulia, hukumu imetoka. Ukiona uma umetulia huku ndege ikitikisika, chunguza miguu ya nyuma. Wajenzi wengi huituliza kwa kubandika ubao mwembamba kando ya fimbo na kuuzungushia kitambaa cha fiberi na gundi.

Sasa tuje kwenye nati. Nati hiyo hukandamiza washa za springi zenye umbo la sahani, nazo hutoa msuguano unaozuia uma kugeuka ovyo. Msuguano huo una kipimo, na kipimo kinapatikana kwa mizani ya kawaida ya ndoano. Weka uzito kwenye mkia hadi gurudumu la mbele liinuke, uutegemeze mkia imara, na mtu asikae chini ya pua. Ifunge ndoano kwenye ncha ya ekseli, uvute kwa upande, mizani ikiwa imelala sambamba na ardhi na ikikaa pembe mraba na uma. Vuta polepole. Mshale utapanda huku uma ukiwa umesimama, halafu uma utaachia, na mara nyingi mshale utashuka kidogo wakati uma ukiendelea kuzunguka. Andika namba ya kuachia na namba ya kuendelea, upande wa kulia na upande wa kushoto, mara kadhaa. Katika ndege za kujijengea za kampuni ya Van's za aina ya RV-6A, RV-7A na RV-9A, ambazo gurudumu lao hujigeuza kama lako, mtengenezaji ametaja pauni 22 kwenye ekseli, yaani karibu kilo 10. Ndege yako ina mchoro wake, na kipimo cha mchoro huo ndicho kinachokuhusu. Nimetaja hicho ili ujue kwamba tunazungumzia kilo kadhaa zinazopimika, wala si nguvu za mkono wa fundi.

Ukikuta msuguano uko chini ya kipimo, kwanza fungua utazame ndani. Washa mpya hulainika katika saa za mwanzo, na msuguano hushuka bila nati kusogea hata kidogo. Ndiyo sababu ndege mpya hupimwa tena mapema. Angalia kama washa zimepangwa jinsi mchoro unavyoagiza, kwa sababu zikitazamana hulegea kiasi, na zikilaliana upande mmoja huwa ngumu. Angalia pia kama grisi imefika mahali palipotakiwa kuwa pakavu. Ukishasafisha na kupanga upya, kaza kwa hatua ndogo, ukipima kila hatua, na ufunge kwa pini mpya. Ukikaza kupita kipimo, gurudumu litakataa kugeuka, nawe utalazimika kuongeza breki upande mmoja ili kugeuza ndege; breki zitapata moto, mguu utasokotwa kila unapokata kona, na ule ulegevu uliosababisha ugonjwa utaendelea kukua ukiwa umefichwa.

Ulegevu huo ndio ninaoushuku zaidi katika uma uliochongwa hapa mjini. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wetu wa mashine, ambao wengi wamekulia katika karakana za migodi na mikono yao ni ya kuaminika. Tatizo ni kwamba bushi iliyotosha vizuri kwenye mtambo wa kusaga mawe inaweza kuwa imelegea mno kwa uma wa ndege. Fanya hesabu hii. Bushi yenye urefu wa milimita 60, ikiwa na nafasi ya milimita 0.3 tu, huruhusu uma kuinama kiasi cha milimita 1.5 kwenye ekseli iliyo sentimita 30 chini yake. Gurudumu likiwa juu, mtu mmoja aushike mguu imara, wewe shika tairi mbele na nyuma, kisha juu na chini, ulisukume taratibu. Ukisikia mgongano mdogo mkononi, tafuta unatoka wapi kwa kuweka kidole kwenye kiungo cha uma na mguu, kisha kwenye beringi. Kama una saa ya kupimia, yaani kipimo cha mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana, iweke kwenye ekseli uandike namba. Bushi iliyolegea hubadilishwa, haikazwi.

Beringi, ambazo mafundi wengi hapa huziita rulema, zinahitaji uangalifu wa pekee Katanga. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu hupenya kila mahali, na mvua zikianza vumbi hilo hugeuka tope ndani ya kifuniko cha gurudumu. Zioshe kwa mafuta ya taa, uzikaushe bila kuzizungusha kwa hewa ya kompresa, uzitazame kwenye mwanga wa jua: roli yenye doa la kutu au njia yenye mikwaruzo haistahili kurudishwa. Jaza grisi safi hadi ionekane ikitokea kati ya roli. Wakati wa kufunga, kaza nati ya ekseli huku ukilizungusha gurudumu mpaka uhisi uzito kidogo, kisha fuata mchoro kuhusu kuirudisha hadi tundu la pini. Gurudumu lizunguke kwa wepesi, lisicheze upande. Beringi iliyobanwa mno nayo huleta matatizo, kwa kuwa hulizuia gurudumu na kuuvuta mguu nyuma.

Kuhusu tairi, weka la ndege, lenye upepo uliotajwa, upimwe asubuhi kabla ya ndege kutembea. Najua tairi la toroli linapatikana sokoni kwa bei nyepesi na linaingia kwenye rimu zinazofanana, lakini mbavu zake hazikutengenezwa kwa kazi hii na mengi si duara. Tairi la ndege likiwa na nukta nyekundu, hiyo huonyesha upande wake mwepesi: ielekeze kwenye alama ya uzito ya tyubu, au kwenye valvu kama tyubu haina alama.

Kizuia-mtikisiko cha Cessna ni kifaa kizuri mahali pake. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupita katika tundu dogo, hivyo upinzani huongezeka kadiri mwendo wa kutikisika unavyoongezeka, tofauti na washa zako ambazo upinzani wake haubadiliki sana. Lakini kifaa hicho kilibuniwa kwa gurudumu linaloongozwa na pedali na lenye kikomo cha kugeuka. Pistoni yake ina urefu mdogo wa kusafiri, na gurudumu lako linageuka zaidi ya hapo. Ukikifunga, ama kitavunjika ama kitang'oa mahali kilipofungwa. Asiyeunda mguu upya kwa hesabu kamili asikiweke.

Bado kuna jambo ambalo hukuuliza, nami nalihofia kuliko mtikisiko wenyewe. Katika ndege nyingi za aina yako mguu wa mbele umeshikwa na fremu ileile inayoshika injini. Ondoa kifuniko cha injini, futa kila kiungo kilichochomelewa, utafute rangi iliyopasuka au mstari mwembamba wa kutu, kisha upake rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa. Mafundi wa ukaguzi wa vyuma migodini wanaifahamu kazi hiyo. Ufa ukionekana, ndege isisogee. Na ikiwa mguu ni wa chuma cha springi kilichoimarishwa kwa moto, usiuchomelee wala usiupige tupa kwa sababu yoyote. Mguu wenye ufa hubadilishwa.

Ukimaliza, omba ruhusa ya mnara wa Luano, uwanja wetu wa ndege, ambao uko chini ya RVA, shirika la serikali la viwanja vya ndege, urudie majaribio kwa hatua ndogo za mwendo, ukitazama mwendo wa ardhini kwenye GPS badala ya kipimo cha mwendo wa hewa. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Siku ya Oktoba yenye joto la nyuzi 30, ndege inayotua kwa noti (maili za baharini kwa saa) 50 za kipimo cha hewa, pasipo upepo, hugusa ardhi ikienda karibu noti 55, na gurudumu huhisi hizo 55. Kwa hiyo ndege iliyotulia kabisa katika uwanja wa pwani inaweza kuanza kutikisika hapa kwetu bila kitu chochote kuharibika. Vuta nyuma fimbo ya kuongozea ndege tangu mwanzo ili pua iwe nyepesi, na ukitua ulishushe gurudumu la mbele kwa kuchelewa, breki zifuate baadaye kwa upole. Mtikisiko ukianza, ivute zaidi fimbo, uachie breki, upunguze nguvu ya injini, uache mwendo uishe wenyewe. Kisha simama, zima injini, uupime tena ule msuguano kabla ya kurudi kwenye barabara ya kurukia, na uandike namba zote katika daftari la ndege pamoja na mwendo ambao mtikisiko ulianzia.