Mwomba hifadhi mbele ya baraza linaloamua maombi ya ukimbizi: maswali yenu

Nilitoroka bila karatasi hata moja. Wataniaminije?

Wengi hutoroka hivyo hivyo. Maelezo yako ya mdomo nayo ni ushahidi. Mwongozo wa mwaka 1979 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unasema kazi ya kutafuta ukweli ni ya mwombaji na mpokea ombi kwa pamoja. Ukishajitahidi kweli, na maelezo yako yakaaminika kwa jumla, mashaka yaliyobaki yahesabiwe kwa faida yako. Nakuomba tu, usighushi karatasi. Ikigundulika moja, hata ukweli wako utachafuka.

Mahojiano ya kwanza nilisema nilikamatwa Machi, barazani nikasema Mei. Nimejiharibia?

Si lazima. Wajumbe huangalia kama maelezo yako yanashikamana, kama yanaoana na taarifa za nchi uliyotoka, na kama yana undani wa mtu aliyekuwepo. Tarehe kutofautiana si uongo. Mtu aliyeteswa anaweza kukumbuka harufu ya chumba na mlio wa kufuli, lakini mwezi ukampotea kabisa. Inaniuma kila ninaposoma uamuzi uliomwita mtu mwongo kwa sababu ya mwezi mmoja.

Omba nakala ya mahojiano yale, uipitie na wakili, kisha usahihishe mwenyewe kabla hujaulizwa, na useme kosa lilitoka wapi. Kama ulihesabu kwa misimu ya mvua, sema hivyo. Kama hukuelewana na mkalimani, sema siku hiyo hiyo, usingoje rufaa. Na usichokikumbuka, sema hukikumbuki. Ukibahatisha leo, kesho utajipinga mwenyewe.

Anayenitafuta ni genge, si serikali.

Hilo halikufungii mlango. Mahakama ya Juu ya Kanada ilishaamua mwaka 1993 kwamba mtesaji si lazima awe serikali. Kinachoulizwa ni kama dola inaweza na iko tayari kukulinda. Ugumu uko kwenye sababu. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 unataka hofu yako itokane na rangi au asili yako, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Genge linalotaka pesa tu, kwa yeyote yule, kwa kawaida halitoshi. Muulize wakili kama nchi uliyopo ina aina nyingine ya ulinzi.

Lazima nithibitishe kwamba nikirudi nitauawa?

Hapana. Kipimo hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987 ilikubali kwamba hata uwezekano wa moja kwa kumi unaweza kutosha.

Wameniuliza kwa nini sikuhamia mji mwingine.

Wanapima mambo mawili: kama huko ungekuwa salama, na kama ni haki kukutarajia uishi huko ukiwa na hali yako. Usijibu "ningepatikana tu". Eleza nani angekupata na kwa njia gani: ndugu, vituo vya ukaguzi, usajili wa wapangaji. Kama ungekuwa salama kwa kuificha dini yako tu, liseme wazi.