Usimwite mwizi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga, huku sote wazima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Mume wangu mdogo, na miaka yake sita, katumwa sukari. Muuzaji kakosea, karudisha shilingi 500 zaidi. Mtoto kanunua barafu, na nyumbani kaapa kuwa chenji ni ile ile, huku ulimi mwekundu kwa rangi. Wifi yako akamwita mwizi, na watoto wa jirani wamelidaka. Unauliza umchape au umwache, na kwa jumla mtoto anapataje kujiona kuwa yeye ni mtu mwaminifu.

Mimi hilo jina linanitia wasiwasi kuliko hiyo 500.

Chuo cha ualimu tulimsoma Piaget, yule Mswisi aliyewahoji watoto wa Geneva na kuchapisha matokeo mwaka 1932. Aliwapa visa viwili: mtoto kasukuma mlango bila kujua, vikombe 15 nyuma yake vikavunjika, mwingine kavunja kimoja tu, lakini alikuwa anadokoa jamu kabatini. Mkosaji zaidi ni nani? Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15. Kwa maelezo yake, wadogo wanapima zaidi kwa hasara kuliko kwa nia. Mjukuu wangu yumo humo humo: 500 ni kidogo, duka limejaa mali, na ubaya wa uongo ni fimbo. Ukimchapa, kesho atafuta ulimi kabla ya kuingia ndani.

Kwa hiyo mwonyeshe mtu. Yule kijana dukani ni mwajiriwa. Jioni mahesabu yakipungua, anakatwa yeye. Mtoto wa miaka sita hilo analielewa vizuri, tena atakuuliza kijana atakula nini. Kisha atoe 500 kwenye kibubu chake mwenyewe, uende naye, usimame pembeni. Usimsemee. Akigugumia, mwache agugumie.

Na mwambie kabla hamjaondoka kwamba akisema kweli utafurahi. Sitanii. Mwaka 2014 watafiti Kang Lee, Victoria Talwar na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi saba waliosimuliwa hadithi kisha wakaulizwa kama wamechungulia kichezeo walichokatazwa kukitazama. Hadithi za mwongo kupatilizwa hazikuwasaidia kusema kweli; iliyosaidia ni ya mtoto aliyekiri akasifiwa. Nasi tumelelewa na hadithi za fisi kupigwa, basi tena.

Mkirudi, mwambie: "Wewe ni mtoto wa kurudisha cha watu." Mtafiti Joan Grusec na mwenzake walilijaribu jambo hili Canada, 1980. Watoto waliotoa gololi zao kwa maskini, wengine waliambiwa wamefanya vizuri, wengine wakaambiwa wao ni watu wanaopenda kusaidia. Kwa wa miaka minane hivi, hao wa pili ndio waliosaidia zaidi hata baadaye, kwenye mambo mengine kabisa. Kwa wa mitano, sita, halikushika sana. Hivyo usitegemee muujiza wiki hii, unaweka akiba. Lakini ukishajua kwamba mtoto hujiokotea sura yake kwenye midomo yetu, utaona kwa nini neno la wifi yako silitaki ndani ya nyumba. Kosa liite kosa, tena kwa ukali ukipenda. Mtoto asipewe jina la kosa.

Madrasa atafundishwa halali na haramu, na ahudhurie bila kukosa. Ila kuijua haramu ni jambo moja, na kujisikia "mimi si mtu wa hivyo" ni jingine. Hili la pili analipata zaidi kwa kukutazama wewe. Konda akisahau kukudai nauli, mnakausha mpaka kituoni? Simu ya mama wa kikoba ikiita, nani anatumwa aseme "mama kaiacha nyumbani"? Mwanangu, hilo la simu nililisikia kwa masikio yangu Idi iliyopita, na aliyepokea alikuwa yeye.

Wifi yako msalimie, na umwambie nimesema neno hilo aliache. Akinuna, mpe namba yangu. Mume wangu naye anipigie Ijumaa anieleze mwenyewe kijana wa dukani alisemaje.

Mama yako