Nyikani, jangwani au porini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Kwaresima hii kwaya yetu hapa Newala imegawanyika. Biblia ya zamani inasema Yesu alipandishwa nyikani, ile ya Habari Njema inasema jangwani. Mwenzetu mmoja anataka tuimbe "porini" ili watoto waelewe. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Mawili ya kwanza yote ni sahihi. La tatu msiliimbe.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa hivyo mara nyingi katika Agano la Kale ni midbar, na hilo si bahari ya mchanga. Ni nchi kavu isiyolimwa, ambako wafugaji hupitisha mifugo mvua ikinyesha. Musa alikuwa akichunga kondoo huko alipofika Horebu (Kutoka 3:1), na Zaburi 65 inataja malisho yake. Kwa picha hiyo, "nyika" linakaa vizuri zaidi. "Jangwa" humpeleka msomaji moja kwa moja Sahara.

Lakini lugha haiendi kwa picha peke yake. Aliyefiwa au kuachishwa kazi husema "napitia jangwa". Sijamsikia hata mmoja akisema anapitia nyika. Maana ya kiroho imeshahamia kwenye jangwa, nami sioni sababu ya kuirudisha. Basi msomaji wa somo asome kama kitabu chake kilivyoandika, na mhubiri aseme jangwa. (Ila tafadhali: jangwa la, nyika ya. "Nyika la Yudea" nimelisikia mimbarani, likaniuma sikio.)

Sasa pori. Marko 1:13 anataja wanyama wa mwitu, kwa hiyo namwelewa mwenzenu. Tatizo ni kwamba pori letu linalisha. Mwaka wa njaa, watu wa Mtwara na Lindi huingia porini kuchimba ming'oko (mizizi ya mwituni inayoliwa), wakarudi na chakula cha jioni. Waisraeli miaka 40 hawakuwa na cha kuchimba; walingoja mana, ya siku kwa siku. Kumbukumbu la Torati 8:3 linasema waliachwa waone njaa ili wajue kuwa mtu haishi kwa mkate tu, na ndiyo maneno Yesu aliyomjibu Ibilisi baada ya siku 40 za kufunga. Mtoto wa Newala ukimwambia Yesu aliona njaa porini, atakuuliza kwa nini hakuchimba.

Kweli, Yohana Mbatizaji alipata nzige na asali hukohuko nyikani. Hilo mkiulizwa, jibuni kwamba hakuwa amefunga.