Mombasa hadi New York: hesabu saa, kilomita waachie marubani

Jirani akitumiwa tiketi na mwanawe aliye Marekani, jambo la kwanza ni kuiuliza simu yake kuna kilomita ngapi. Anaambiwa kama 12,260, anaduwaa. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ni ya njia ya mkato kabisa, na kutoka Port Reitz, uwanja wetu wa ndege wa Mombasa, hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapitia Nairobi, Dubai au kwingineko.

Kukadiria muda, mimi hugawanya kilomita kwa 850, kisha naongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Mombasa hadi Dubai ni kama 3,700, basi jibu ni karibu saa tano. Nairobi hadi New York ni kama 11,850: inakuja saa kumi na nne na nusu. Lakini kwenda ni kama saa kumi na tano, kurudi kumi na nne, kwa kuwa upepo mkali wa huko juu huvuma kuelekea mashariki.

Kupitia Dubai unaongeza zaidi ya kilomita 2,000. Na iwe! Nikipewa Dubai ya kusubiri saa tatu na Nairobi ya kusubiri saa kumi, naenda Dubai. Kinachochosha ni viti vya uwanjani, hasa ukiwa na mzee au mtoto.

Wengi hukwama kwenye kusoma tiketi. Saa zake ni za mji husika. Tuseme unatoka Nairobi 23:50 na kufika New York 06:50 siku ya pili. Si saa saba hizo! Majira ya baridi wao wako nyuma yetu saa nane, kwa hivyo ni kumi na tano angani. Kiangazi tofauti hushuka kuwa saba.

Tarehe nayo ina mtego. Jumamosi 00:40 ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa baada ya isha uwe uko njiani. Ukienda Jumamosi usiku, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Wa Likoni, ongezeni muda wa feri, au zungukeni kwa barabara ya Dongo Kundu. Na kama tiketi ya Nairobi mmeikata mbali na ile ya Marekani, jueni mizigo mtaichukua wenyewe Nairobi na kuipeleka upya, kwa hivyo acheni nafasi ya saa nne hivi.

Anayekuja kukupokea mtumie picha ya tiketi. Usimwambie kwa simu "nafika saa moja asubuhi". Aliyezoea saa za kule atakuja saa saba usiku, akungoje mpaka kuche.