Kilichonichoma Ndicho Nilichokiandika

Juzi msomaji mmoja, kijana anayeandika skripti yake ya kwanza ya filamu, alinitumia swali fupi: "Kaka, tukio la kuanzisha kisa changu limeangukia ukurasa wa 19 badala ya wa 12. Nikate wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, karibu kwa maneno hayo hayo, na lilinila miaka minne.

Ukurasa wa 12 haukushuka kutoka mbinguni. Blake Snyder, mwandishi wa skripti wa Marekani, katika kitabu cha mafunzo alichokitoa mwaka 2005, aliigawa skripti ya kurasa 110 katika vituo 15, kila kituo na ukurasa wake. Kabla yake, mwaka 1979, Syd Field, mwalimu wa uandishi wa skripti, alishagawa kurasa 120 katika sehemu tatu: 30 za mwanzo, 60 za kati, 30 za mwisho, kwa hesabu ya ukurasa mmoja dakika moja ya filamu. Vitabu vyote viwili nilivisoma mpaka majalada yakaachia. Ukutani nilibandika kadi 15 za rangi tatu. Mke wangu alikuwa akipita pale anatikisa kichwa tu.

Skripti yenyewe ilihusu wizi wa benki. Sijawahi kuiba hata kalamu ya ofisi, lakini kila kitu kilikaa ukurasani mwake kama askari kwenye gwaride. Nikampelekea mtayarishaji mmoja, mtu mzito. Siku tuliyokutana alinisifu: "Umeipanga vizuri sana." Kisha akafunua kurasa mbili tatu, akakuna kidevu. "Hivi yule jamaa mkuu anaitwa nani vile?"

Alikuwa amemaliza kuisoma jana yake.

Nina kinyongo naye mpaka leo, nakiri. Angenitukana ingekuwa nafuu. Ila alisema kweli, na nadhani kinyongo chenyewe kinatoka hapo hapo.

Miezi iliyofuata nairuka, haina utamu. Nije usiku wa tuzo. Rafiki yangu, ambaye tulianza naye na kusomeana kila rasimu, skripti yake ilishinda. Nilikaa safu ya tatu. Jina lake lilipotajwa nilipiga makofi kuliko wote. Nilipotazama mikono baadaye nikakuta karatasi ya ratiba nimeikunja na kuikunja mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti, na wino wake umenishika vidole vyote. Nilipompa mkono wa pongezi nikamwachia alama nyeusi kiganjani. "Wino huu umetoka wapi?" akaniuliza akicheka. Nikamwambia kalamu imevuja.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Alipokuwa anapanda ngazi za jukwaa, nilitaka ajikwae. Si kuumia, hapana. Ajikwae tu, watu wacheke kidogo. Mtu aliyenikopesha kompyuta yake yangu ilipoharibika!

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilizibandua kadi zote 15, nikaketi kuandika bila kujua ninakwenda wapi. Wakatoka dada wawili, wote waimbaji. Mdogo amechaguliwa, mkubwa ameachwa. Jioni ya onyesho mkubwa anampigia mdogo wake pasi gauni la kuvaa jukwaani. Pasi inateleza, inateleza, halafu inatulia juu ya kitambaa. Hapo hapo. Mvuke unapanda. Mkono wake hauondoki. Tunamsikia mdogo akijaribu sauti chumba cha pili. Ndipo pasi inanyanyuliwa. Gauni ni zima. "Limenyooka," anasema mkubwa, na anacheka peke yake.

Kurasa 14 tu. Siku waigizaji walipokaa kuisoma kwa sauti, dada aliyepewa nafasi ya mkubwa alifika hapo akanyamaza. Tukadhani amepoteza mstari. Akasema, "Pasi hiyo nimewahi kuishika." Mwezi uliopita tumemaliza kuipiga picha na kuihariri, na siku ya kuionyesha kwa mara ya kwanza watu watatu wasiofahamiana walinivuta pembeni kuniuliza nimejuaje. Niacheni nijivune kidogo, nimelisubiri swali hilo miaka.

Basi wewe kijana wa ukurasa wa 19, na wenzako wote mnaoandika kwa rula: kabla hujauliza ukate wapi, jiulize nani ameumia. Kama hakuna aliyeumia, kata zote.

Lakini usikimbilie kuandika kisa chako kilivyotokea. Ningejiandika mimi mwenyewe, na ukumbi, na tuzo, ningejitetea kuanzia ukurasa wa kwanza. Ningempa rafiki yangu majivuno asiyokuwa nayo ili kijicho changu kionekane halali. Nilipokihamishia kwa dada mkubwa niliweza kumwacha awe mbaya. Na "ana wivu" haipigiki picha. Kamera haioni wivu, inaona mkono na pasi. Hisia ukishaipata, itafutie kazi ya mikono.

Najua mtaniletea mfano wa Sylvester Stallone. Ndiyo, mwaka 1975 alimwona Chuck Wepner, bondia asiyepewa nafasi na mtu, akimhimili Muhammad Ali mpaka raundi ya 15, na rasimu ya kwanza ya filamu yake, Rocky, ikamtoka kwa siku tatu na nusu hivi. Wakati huo Stallone alikuwa mwigizaji asiyetafutwa na mtu, kwa hiyo Wepner alikuwa yeye. Ila wanaopenda kuisimulia hadithi hii huishia hapo. Rasimu ile ilibadilishwa sana kabla haijawa filamu. Hata pasi yangu mwanzoni ilikuwa ukurasa wa 3, haichomi mtu, kwa sababu hatujawapenda hao dada bado. Nimeiandika upya mara tisa. Siku hizi Field na Snyder nawafungua rasimu ya tatu au ya nne, kama fundi anavyochukua pima maji ukuta ukishasimama. Ukuta wenyewe hawakupi. Na wewe unapima hewa, ndugu yangu, kama nilivyopima mimi miaka minne.

Rafiki yangu aliiona filamu wiki iliyopita. Pale ukumbini alinikumbatia, hakusema kitu. Saa sita usiku simu ikalia, ujumbe wake: "Kumbe haikuwa kalamu."

Sijamjibu bado.